Walezi wa Vijana Hawachoki Bure: Majibu kwa Madai Saba

Waondoe wanaojitolea, na huduma ya vijana katika makanisa yetu itasimama Jumapili hiyohiyo. Mchungaji mwenye usharika wa mitaa minne, au paroko mwenye vigango vilivyotawanyika vijijini, hawezi kuwa kila mahali. Anayekaa na watoto wakati wakubwa wako ibadani ni mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye Jumatatu yuko dukani au shambani. Anayefuatana na vijana kwenye kongamano la Pasaka ni mlezi aliyeomba ruhusa kazini. Anayewapikia kambini ni mama aliyewaacha wanawe kwa jirani. Hakuna mwenye mshahara hapo.

Kila mwaka baadhi yao huondoka. Wengi hawaagi. Huanza kwa kuchelewa, kisha kukosa, hatimaye huhamia viti vya nyuma. Vikaoni sababu inayotajwa huwa ya kiroho: amepoa, amerudi nyuma, amezidiwa na mambo ya dunia. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo na kuyasikia madai yaleyale yakirudiwa na watu wema wanaolipenda kanisa. Nayajibu hapa moja baada ya jingine kwa sababu yote yana kasoro moja: kila dai linachukua wajibu wa kanisa na kumtwika anayejitolea. Yeye ametoa muda wake. Kanisa lililoupokea muda huo linadaiwa maandalizi, vitendea kazi, ulinzi, usimamizi na pumziko.

Dai la kwanza: "Mwenye wito hahitaji mafunzo, Roho Mtakatifu atamwongoza"

Kwamba Roho huongoza, sipingi. Lakini hatumweki mtu wakfu kuwa mchungaji kabla hajapita chuo cha theolojia, na hatumkabidhi kwaya mtu asiyejua kupanga sauti. Iweje anayekabidhiwa watoto, wa miaka minne na wa miaka kumi na miwili chumba kimoja, apewe kitabu cha masomo Jumamosi jioni na kuambiwa Bwana atamsaidia?

Yesu mwenyewe aliwaandaa wanafunzi wake. Marko 6 inaeleza alivyowatuma wawiliwawili, akawaelekeza wachukue nini na waache nini njiani, na waliporudi walimsimulia yote waliyofanya. Kulikuwa na maandalizi, mwenzi wa kazi, na mahali pa kutoa taarifa. Yohane Bosco, padre aliyeanza kuwakusanya vijana wa mitaani mjini Torino mwaka 1841, alikuwa mtu wa sala. Hata hivyo hakuacha njia yake ya malezi ibaki kichwani mwake. Mwaka 1877 aliiandika: mlezi awepo katikati ya vijana kabla hawajaharibikiwa, awaongoze kwa hoja, kwa imani na kwa upole wenye upendo.

Mafunzo hayahitaji hoteli wala mkufunzi kutoka mbali. Mlezi mpya akae na mzoefu kwa miezi mitatu: mwezi wa kwanza atazame, wa pili afundishe sehemu ya somo, wa tatu afundishe lote huku mwenzake akimwangalia na kumweleza baadaye alichoona. Kisha itengwe Jumamosi moja kila robo mwaka kwa jambo moja tu: namna ya kumsimulia hadithi mtoto asiyejua kusoma, namna ya kumjibu kijana anayeuliza kuhusu uchumba au kukosa ajira. Usharika wowote unaweza hilo.

Dai la pili: "Vijana wa siku hizi hawataki kujitolea"

Nenda msibani uone ni nani anafunga turubai, anachota maji na kukesha na wafiwa. Nenda kwenye mazoezi ya kwaya ya vijana uone wanaokuja jioni baada ya kazi na kujichangia sare na nauli za ziara. Katika shule za sekondari, matawi ya vyama vya wanafunzi Wakristo, UKWATA, na TYCS kwa Wakatoliki, huendeshwa na wanafunzi wenyewe. Wanachagua viongozi, wanaandaa ibada, wanatunza michango, na mwalimu huwa mlezi wao tu. Kijana huyohuyo akimaliza kidato cha sita na kurudi usharikani, anaambiwa apange viti. Moyo anao. Kinachokosekana ni namna ya kumwita na kazi ya kumpa.

Tazama tunavyoita. Mwishoni mwa ibada, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya mnada wa mazao, inasomwa sentensi moja: tunahitaji walimu wa shule ya Jumapili, mwenye moyo amwone katibu. Kila aliyeketi anadhani anaambiwa jirani yake. Linganisha na Matendo 6. Mitume walipohitaji wahudumu walitaja idadi yao, sifa zao na kazi waliyotakiwa kufanya: watu saba, wenye kushuhudiwa wema, wa kusimamia huduma ya mezani. Matangazo yetu mengi hayana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Mtu aitwe kwa jina, na aitwe na mtu anayemheshimu. Aelezwe kwa nini ameonekana yeye, atahudumu darasa gani, siku gani, na nani, kwa muda gani. Apewe juma moja la kuomba na kuzungumza na wa nyumbani kwake. Kijana aliyeitwa hivyo huitikia mara nyingi kuliko tunavyodhani. Bosco alipoanzisha shirika la Wasalesiani mwaka 1859, aliokaa nao wengi walikuwa vijana aliowalea mwenyewe. Walezi wa kesho wamo tayari katika darasa la leo la kipaimara, kama tutawapa kazi yenye uzito na sauti kwenye kikao kinachopanga kazi hiyo.

Dai la tatu: "Ukianza kuwarudishia nauli, kesho watadai posho"

Hofu hii ina msingi. Sote tumeona semina ambazo mtu huulizia posho kabla hajauliza mada, na hakuna anayetaka tabia hiyo ihamie kanisani. Lakini kumrudishia mtu alichotumia kwa ajili ya kazi yako si kumlipa, na kuyachanganya mambo haya mawili kunawaumiza wengi kimyakimya.

Tuchukue mfano. Mwalimu anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja shilingi 600. Safari moja ni shilingi 2,400. Akija mara mbili kwa juma, Jumamosi kuandaa na Jumapili kufundisha, ni 4,800. Kwa majuma 52 ni shilingi 249,600, kabla hajanunua bando la kuwasiliana na wazazi, kalamu za rangi na biskuti. Huyo ametoa sadaka kubwa kuliko wengi waliotajwa majina siku ya harambee, na haipo kwenye kitabu chochote cha usharika. Matokeo yake ni kwamba wanaobaki kuwalea vijana ni wenye uwezo wa kujigharamia, na kijana mwenye kipawa anayeishi kwa vibarua, anayeyajua maisha ya wenzake kuliko sisi sote, anajiondoa kwa aibu.

Historia ya shule ya Jumapili haiungi mkono hofu hii. Robert Raikes alipoanzisha shule zake Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwalipa wanawake kadhaa shilingi moja kila mmoja kwa siku ili wafundishe watoto wa maskini. Fedha ile haikuua moyo wa kujitolea. Kazi ilipoenea, walimu wasiolipwa walizidi kuongezeka mpaka wakawa ndio wengi. Huduma tunayodhani ilianza bila gharama ilianza na mtu aliyekubali kuigharamia.

Wengine humtaja Paulo, aliyefanya kazi kwa mikono yake asimlemee mtu Thesalonike. Ni kweli. Lakini katika 1 Wakorintho 9 Paulo huyohuyo anaitetea kwa nguvu haki ya mtenda kazi, ndipo anaeleza kwamba yeye ameamua kutoitumia. Aliiacha haki yake mwenyewe. Hakuliruhusu kanisa kuwanyang'anya wengine haki yao.

Dawa ya posho ni mpaka ulioandikwa. Bajeti ya mwaka iwe na kifungu cha huduma ya vijana, na karatasi moja iseme nini kinarudishwa: nauli, mawasiliano ya kazi, vifaa, chakula cha safarini. Nauli inajulikana, vifaa vina stakabadhi, mhazini analipa ndani ya mwezi huo. Wapewe wote kwa kipimo kimoja, na asiyehitaji aitoe kama sadaka kwa hiari yake. Zaidi ya hapo hakuna posho. Mlezi asilazimike kumfuata mzee wa kanisa pembeni na kumlilia shida.

Dai la nne: "Kumchunguza mtumishi ni kumtilia shaka, sisi tunafahamiana"

Hili ndilo dai la hatari kuliko yote, na sitalipitia haraka. Anayetaka kumdhuru mtoto hutafuta mahali penye watoto wengi na maswali machache. Mara nyingi si mgeni. Ni mtu anayeaminiwa na familia, mwenye maneno mazuri, mwepesi wa kusaidia. Kufahamiana ndiko anakojifichia.

Makanisa mengine yamelijua hilo kwa uchungu. Australia iliunda Tume ya Kifalme iliyofanya kazi kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, ikawasikiliza faraghani zaidi ya watu 8,000 waliodhulumiwa kingono utotoni ndani ya taasisi, makanisa ya madhehebu mbalimbali yakiwamo. Tena na tena ilibainika kwamba viongozi walilinda jina la taasisi na kumwacha mtoto. Leo huko hata anayejitolea kufundisha watoto kanisani hutakiwa kuwa na kibali maalumu cha kufanya kazi na watoto. Mwaka 2019 Papa Fransisko naye alitoa sheria inayowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa za dhuluma hizo kwa mamlaka za Kanisa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, Tanzania na Kenya pia. Kila mlezi aijue namba hiyo kama anavyojua ya mchungaji wake.

Maandiko nayo hayaoni haya kumpima mtu. Katika 1 Timotheo 3 mashemasi wanatakiwa kujaribiwa kwanza, ndipo wahudumu. Basi anayetaka kuwalea watoto awe ameshiriki usharikani angalau miezi sita. Alete barua kutoka kanisa alikotoka, na mchungaji ampigie simu mwenzake wa huko, kwa kuwa kuna mambo ambayo watu hawayaandiki kwenye barua. Darasani wawe watu wazima wawili, mlango ukiwa wazi. Mlezi asimpakie mtoto mmoja peke yake kwenye bodaboda, na asiandikiane na mtoto faraghani usiku. Kambini wavulana na wasichana walale mbali, kila upande na walezi wawili wa jinsia yao.

Taratibu hizi zinamlinda mlezi mwema pia. Siku atakaposhutumiwa kwa uongo, shahidi wake atakuwa mwenzake aliyekuwa naye chumbani. Na aandaliwe kwa siku mtoto atakapomweleza jambo zito: amsikilize bila kumhoji, asimwahidi kwamba itabaki siri, atoe taarifa siku hiyohiyo. Kosa la jinai dhidi ya mtoto halimalizwi kwenye kikao cha wazee, wala kwa familia mbili kukubaliana fidia. Kanisa linalofanya hivyo linamfundisha mtoto kwamba Mungu yuko upande wa aliyemuumiza.

Dai la tano: "Huwezi kumwajibisha mtu usiyemlipa"

Dai hili linasikika la huruma, lakini halimheshimu anayejitolea. Linamaanisha kwamba kazi yake haina uzito wa kutosha kusahihishwa. Mwalimu anayekosa bila taarifa, akawaacha watoto uani wakizurura, amewakosea watoto hao kiasi kilekile, awe na mshahara au asiwe nao. Tunaponyamaza, wa kwanza kuondoka ni mlezi mwaminifu aliyekuwa akiziba pengo lake kila Jumapili.

Mara nyingi tunashindwa kumsahihisha mtu kwa sababu hatukumweleza mwanzoni tunatarajia nini. Andika ukurasa mmoja: siku za kazi, saa ya kufika, nani wa kumpigia akipata udhuru, mambo yasiyoruhusiwa. Mratibu wa vijana aketi na kila mlezi angalau mara moja kwa robo mwaka na kumuuliza kazi inaendaje, nini kinamkwamisha, nyumbani kukoje. Mazungumzo hayo yakizoeleka, neno la kusahihisha halimwangukii mtu kama radi. Na lisemwe faraghani, kwa tukio mahususi, mapema, kabla halijawa gumzo kwenye kundi la WhatsApp la usharika.

Anayehofia kwamba kusahihisha kunafukuza watu amkumbuke Yohana Marko. Aliwaacha wenzake safarini, na Paulo akakataa kwenda naye tena, hata akatengana na Barnaba kwa ajili hiyo. Barnaba alimchukua kijana akaendelea kumlea. Miaka baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo anaomba aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa huduma. Aliyeambiwa ukweli na kupata wa kumshika mkono alirudi akiwa wa maana. Ila tusichanganye uzembe na dhuluma. Mvivu hupewa nafasi ya pili. Aliyemdhuru mtoto hapewi tena watoto, hata akitubu kwa machozi.

Dai la sita: "Anayeomba kupumzika amepoa kiroho"

Walawi wenyewe walikuwa na muda wa kazi. Hesabu 8 inaeleza kwamba walianza utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na walipofika 50 waliacha kazi nzito, wakabaki kuwasaidia ndugu zao. Yesu, wanafunzi walipotoka safarini na watu wakawa wengi kiasi cha kukosa nafasi ya kula, aliwaita wajitenge wapumzike. Hakuwaambia wamepoa.

Mwanafunzi ana mitihani, muuguzi ana zamu za usiku, mkulima ana msimu wa kupanda, mama ana mtoto mchanga. Weka kipindi kinachojulikana, tuseme miaka miwili, na mwishoni mtu aulizwe kwa heshima kama anaendelea, anabadilisha kazi au anapumzika. Mwenye ruhusa ya kupumzika hurudi. Anayenyimwa hutoroka. Na mwenye kipindi chenye mwisho hujua kwamba ni lazima aandae wa kumpokea, jambo ambalo mlezi wa kudumu hulisahau mpaka siku anapougua na darasa likafungwa.

Dai la saba: "Tukiwashukuru, tunawapunguzia thawabu ya mbinguni"

Wanaosema hivi huitegemea Mathayo 6, panapoagizwa kutoa kwa siri. Agizo lile anapewa anayetoa. Hakuna mahali aliyepokea anapoamriwa kunyamaza. Warumi 16 imejaa majina ya watu aliowashukuru na kuwasalimu Paulo: Fibi, Priska na Akila, Mariamu na wengine wengi, na kwa baadhi yao anataja walichofanya. Wahenga nao walisema mcheza kwao hutuzwa. Kanisa ndilo kwao.

Shukrani haihitaji kitenge wala cheti, ingawa si vibaya. Mchungaji aingie darasani mara moja kwa mwezi, akae dakika kumi, aone. Walezi waombewe kwa majina ibadani. Mzazi amweleze mwalimu ni nini kimebadilika kwa mwanawe.

Kwa wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa

Hakuna kati ya madai haya linalotokana na chuki. Mengi yametokana na uchache wa fedha na wingi wa kazi. Lakini walezi wanaochoka wanachoshwa na mambo tunayoweza kuyarekebisha, na sala kwa ajili yao haiwezi kuchukua nafasi ya marekebisho hayo. Kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa, naomba kila baraza la wazee na kila halmashauri ya parokia iwaite walezi wake wote, iwaulize wanatumia kiasi gani kutoka mfukoni, lini walifundishwa jambo jipya mara ya mwisho, na nani wa kumpigia mtoto akiwaambia jambo zito. Majibu yaandikwe. Kisha kiwekwe kifungu cha fedha, ateuliwe mratibu anayewajibika kwa walezi, zipitishwe taratibu za kuwalinda watoto, na zianze kutumika Jumapili inayofuata. Baraza lisilo tayari kufanya hivyo lisitangaze tena kwamba linahitaji watu wa kujitolea.